Barua ya wazi kwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam: hali ya jengo ibandikwe mlangoni

Kwa Mkurugenzi wa Jiji na Waheshimiwa Madiwani,

Yah: Usalama wa familia zinazoishi juu ya maduka, Kariakoo na katikati ya jiji

Waheshimiwa,

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, mazungumzo ya mji mzima yaligeukia biashara: mitaji iliyofukiwa, mizigo, wenye fremu, mikopo. Ilikuwa haki yake, kwa sababu waliokuwa ndani wengi walikuwa kazini. Lakini katika mitaa hiyo hiyo, kuanzia Msimbazi hadi Lumumba na kuvuka Mnazi Mmoja kwenda Kisutu na Upanga, yako majengo mengi ambayo chini yana maduka, katikati yana stoo, na juu yana watu waliolala na watoto wao. Hao hawatajwi katika hesabu ya Kariakoo. Soko likifungwa jioni, wao ndio wanabaki. Barua hii inawahusu wao, na ombi langu kwenu ni moja tu. Kila jengo la ghorofa linalokaliwa na familia liwe na ubao kwenye mlango wa kuingilia, unaosema nani anawajibika kwa jengo hilo, lilikaguliwa lini na nani, ni kasoro gani zimeonekana, na tarehe gani lazima ziwe zimerekebishwa. Nakala ya maelezo hayo iambatanishwe kwenye kila mkataba wa pango.

Ombi linaweza kuonekana dogo mno mbele ya tatizo lenyewe, kwa hiyo nieleze kwa nini nimeanzia hapo wala si kwenye kuomba sheria mpya au mamlaka mpya. Tumezoea kuuweka usalama wa nyumba mikononi mwa anayeishi ndani: funga mtungi, zima jiko, funika maji, usichomeke vitu vingi kwenye soketi moja. Ni maneno mazuri, na kwa mtu mwenye nyumba yake na ua wake Kigamboni au Kibamba yanatosha kwa sehemu kubwa. Kwa familia iliyopanga ghorofa ya tano Kariakoo hayatoshi, kwa sababu mambo yanayoamua kama familia hiyo itaamka salama hayamo ndani ya vyumba vyake. Yako kwenye ngazi, kwenye shimo la lifti, kwenye chumba cha mita, kwenye stoo ya chini, juu ya paa, na kwenye kiwanja cha jirani anayechimba. Huko kote mpangaji hana ufunguo wala sauti.

Haikuwa hivyo zamani, na hapa inafaa kukaa kidogo. Mtaa huu wa Kariakoo, uliopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, enzi za Vita Kuu ya Kwanza, ulijengwa kwa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Siisifii kupita kiasi. Chumba kimoja kilibeba familia nzima, choo cha shimo kilikuwa hatua chache kutoka jikoni, na mvua ya masika ilijua kila tundu la bati. Hata hivyo nyumba ile ilikuwa na mambo mawili ambayo hatukuyahamisha tulipopanda juu. La kwanza, moto na moshi vilikaa uani, chini ya mbingu, mbali na vitanda. La pili ni kubwa zaidi: mara nyingi mwenye nyumba alilala humo humo. Ukuta ukipata ufa aliuona akienda kuoga, na choo kikijaa harufu ilimfikia yeye sawa na mpangaji wake. Uwajibikaji haukuhitaji ubao kwa sababu ulikuwa umeketi barazani ukinywa kahawa.

Leo kiwanja kile kile kimebeba ghorofa sita, nane, kumi na zaidi. Mara nyingi warithi wa nyumba ya zamani waliingia ubia na mwenye mtaji: wao walitoa ardhi, yeye akajenga, wakagawana fremu na ghorofa. Mwingine akauza sehemu yake, mwingine akampa msimamizi akusanye kodi, mwingine anaishi nje ya nchi. Mpangaji anayelipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo hukutana na dalali, na dalali humwonesha vigae, mwanga na bomba linalotoa maji. Muulize bomba la zimamoto la jengo hili lilijaribiwa lini, atadhani unamtania. Si kwamba anaficha. Hakuna aliyewahi kumpa jibu. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 imejaribu kuziba pengo hili kwa kutaka wamiliki wa sehemu wawe na chama chao cha kusimamia mali ya pamoja. Ni sheria njema, ila kama jina lake lisemavyo ni ya wamiliki. Jengo lenye mmiliki mmoja na wapangaji arobaini halimo ndani yake, na hata pale chama kilipo, mpangaji hana kiti.

Tuangalie hatari zenyewe, maana bila kuzijua mtu anaweza kudhani nadai karatasi tu. Gesi ya kupikia ya mitungini ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda dirishani kama mvuke wa chai. Inatambaa sakafuni, inatafuta ngazi na mashimo, inaweza kujikusanya mahali pa chini pasipo na hewa, na hapo cheche ya swichi inatosha. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na naliunga mkono lengo hilo bila kigugumizi, kwa sababu mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua aliyelala kabla hajajua anaumwa. Lakini mtungi uliotoka uani na kuingia kwenye jiko dogo lisilo na tundu la hewa, juu ya stoo ya nguo, unadai jengo lililopangwa kuupokea. Nani amekagua kama jengo hilo limepangwa hivyo? Mama anayepika hawezi kujua. Anachoweza ni kufunga mtungi wake. Wa jirani hauoni.

Umeme nao una hadithi hiyo hiyo. Nyaya zilizovutwa kwa ajili ya taa, feni na redio leo zinabeba friji, pasi, mashine ya kufulia na kiyoyozi, na chini yake duka lenye taa mia moja za kuning'inia. Fremu hugawanywa mbili, kisha nne, na kila mgawo huja na waya wake, mara nyingi uliofungwa na kishoka badala ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Moto wa namna hiyo hauanzii chumbani kwa mtoto, ila moshi wake ndiko unakoelekea, kwa sababu ngazi ndiyo bomba la moshi la jengo. Na ngazi hiyo, katika msimu wa mizigo, mara nyingi imejaa maboksi na mabelo hadi watu wanapishana kwa ubavu. Familia kwa upande wake imeweka nondo madirishani kwa hofu ya wezi. Moto ukija, nondo za juu na mabelo ya chini vinafanya kazi moja.

Kumbukeni usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua. Lile lilikuwa jengo la umma, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lenye shirika zima la kuliendesha na mitaa mipana kulizunguka. Bahati yetu ilikuwa kwamba sokoni hakulali familia. Kama jengo lenye menejimenti, ofisi na bajeti liliteketea vile, sioni sababu ya kujiaminisha kuhusu jengo ambalo hata jina la mtu wa kupigiwa simu usiku halijulikani.

Maji yanaonekana jambo la upole zaidi, na labda ndiyo maana yanasahaulika. Kwa kuwa maji ya bomba hayaji saa zote, kila jengo lina tangi chini na matangi mengine juu ya paa. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyolisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hapendi mtaro mchafu; anataka maji safi yaliyotulia, na mayai yake hukaa makavu kwenye ukuta wa chombo kwa miezi yakisubiri maji yapande. Tena huuma mchana, saa ambazo chandarua kimekunjwa. Familia inaweza kufunika ndoo zake zote na bado ikaugua kwa tangi lisilo na mfuniko juu ya paa ambalo ufunguo wake unasemekana uko kwa mlinzi, na mlinzi hajui uko kwa nani. Tukiongeza chemba zinazofurika uchochoroni karibu na tangi la chini, mji uliopitia kipindupindu cha mwaka 2015 hauhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa nije kwenye nyufa, kwa sababu ndizo zilizotutoa machozi. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Katika ajali ya Kariakoo ya mwaka 2024, mashuhuda walieleza kwamba kazi ya kupanua eneo la biashara chini ya jengo ilikuwa ikiendelea. Matukio haya mawili yanatofautiana kwa mengi: moja jengo jipya, jingine lililokuwa likitumika. Yanafanana katika hili, kwamba aliyekuwa karibu na hatari hakuwa na pa kusoma kilichoruhusiwa. Mtu anaona wanachimba. Je, wana kibali? Cha kwenda chini mita ngapi? Mhandisi ni nani? Ghorofa zilizoidhinishwa ni ngapi, na zilizosimama ni ngapi? Mpita njia na mpangaji wanaweza kuhesabu ghorofa kwa kidole, lakini hawana namba ya kulinganisha nayo. Huko Bangladesh, kabla ya jengo la Rana Plaza kuanguka Aprili 2013 na kuua watu 1,134, nyufa zilionekana siku moja kabla. Tawi la benki lililokuwa humo liliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji wa ghorofa za juu waliambiwa warudi kazini. Nyufa zilikuwa zile zile kwa wote. Benki iliamini na ikawa na uwezo wa kuondoka, washonaji hawakuwa na karatasi yoyote ya kushika mkononi na kusema hapa siingii.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa, kwamba sheria zipo na taasisi zipo: Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Bodi ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, OSHA kwa sehemu za kazi, nanyi wenyewe kwa vibali. Ni kweli, na baada ya ajali ya 2024 Waziri Mkuu aliunda timu ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo. Sidai chombo kipya. Ninachosema ni kwamba taarifa ya vyombo hivyo husafiri kati ya serikali na mmiliki, na mtu pekee anayeliona jengo kila siku, asubuhi akishuka na jioni akipanda, hayumo kwenye barua hizo. Mkaguzi huja mara moja kwa mwaka akija. Mpangaji hupita mbele ya kifaa cha kuzimia moto mara mbili kwa siku. Akijua kwamba kifaa hicho kilipaswa kujazwa Machi na sasa ni Agosti, mmepata mkaguzi wa bure.

Jibu la pili ni taharuki. Watasema ukibandika kasoro mlangoni watu watakimbia, kodi zitashuka, thamani ya jengo itaharibika. Nalichukulia kwa uzito, maana hofu isiyo na maelezo nayo ni hatari. Lakini angalieni tunavyofanya tayari. Duka la vitenge la ghorofa ya chini linatakiwa kutundika leseni yake ya biashara ukutani mahali inapoonekana, na mteja anayenunua doti moja ana haki ya kuiona. Hatujasikia kwamba leseni ukutani inawatisha wanunuzi. Juu yake wanaishi watoto, na kwao hakuna kinachotundikwa. Nchini Uingereza mwenye nyumba anatakiwa kuhakikisha mfumo wa gesi unakaguliwa kila mwaka na kumpa mpangaji nakala ya cheti, na kwa England umeme hukaguliwa angalau kila baada ya miaka 5; soko la nyumba la London halijafa kwa sababu hiyo. Kama thamani ya jengo inategemea mpangaji kutojua, basi ile haikuwa thamani. Na ubao wenye kasoro mbili na tarehe ya kuzirekebisha hutuliza kuliko uvumi wa ngazini.

La tatu ndilo gumu, na sitalipuuza: gharama itamwangukia mpangaji. Mwenye jengo akilazimishwa kubadili nyaya na kusafisha matangi, ataongeza kodi, na familia itahamia mahali pabaya zaidi, mbali na shule na kibarua. Hilo linaweza kutokea. Ndiyo maana sianzi na kufunga majengo wala faini kubwa za siku ya kwanza, bali na taarifa na muda wa kutosha. Kasoro nyingi kati ya nilizozitaja hazihitaji mamilioni: mfuniko wa tangi, ngazi isiyo na mizigo, nondo za dirisha zenye mlango wa bawaba, mtungi wa kuzimia moto uliojazwa, namba ya simu. Zinazohitaji fedha nyingi, kama nguzo na misingi, ni zile ambazo kuzinyamazia si huruma kwa maskini. Na mpangaji huyu tayari analipa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kiwango chake cha mwanzo kikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa. Kisheria ni deni la mmiliki. Kwa vitendo, anayenunua umeme ndiye anayeona salio limepungua. Mtu anayechangia kodi ya jengo kila mwezi hastahili kunyimwa hali ya jengo hilo.

Kuhusu uchache wa wakaguzi nitasema kwa ufupi: msikague yote wenyewe. Mmiliki alete kila mwaka taarifa iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, jina na namba yake ya usajili viandikwe kwenye ubao, nanyi mchague majengo machache bila kutangaza na kuhakiki. Mihuri huuzwa, nalijua hilo. Lakini muhuri uliofungiwa kabatini na jina lililoandikwa mlangoni wanapopita watoto arobaini havina uzito sawa, na mhandisi anayeuza saini atafikiri mara mbili kabla ya kuiuza mahali panaposomeka na kila mtu.

Waheshimiwa Madiwani, sheria ndogo za jiji ni kazi yenu, na jambo hili linaingia humo bila kusubiri Bunge. Anzeni na majengo yenye maduka chini na familia juu katika kata za Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchafukoge na Kisutu, kwa kuwa huko ndiko hatari zimebanana. Wenyeviti wa serikali za mitaa wapewe orodha, na mpangaji asiyeuona ubao ajue kwamba ofisi ya mtaa ndipo pa kuuliza na kwamba kuuliza hakutamfanya afukuzwe. Matokeo ya kila ukaguzi uliokwisha kufanyika Kariakoo yasomwe jengo kwa jengo, yakianza na lile ambalo watu wanalala ndani yake usiku wa leo. Nafasi ya kubandika ipo. Kuta za mlangoni na ngazini zina namba za simu za madalali kutoka juu hadi chini, na ya anayewajibika kwa jengo haimo.

Wenu,
Mkazi wa Jiji la Dar es Salaam